Laini ya Mama

Mdogo wangu aliondoka Moshi Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mwaka 2014, akiwa na begi la mgongoni na chapati nne ambazo Mama alimfungia kwenye gazeti. Alituambia amepata kazi ya kupakua mizigo bandarini Mombasa. Nilimsindikiza mpaka stendi, akapanda Noah ya Holili, akakaa dirishani. Gari lilipotoka alikuwa anatazama mbele tu. Nikasema moyoni, ana haraka ya maisha. Imepita zaidi ya miaka 10 na bado naiona ile shingo isiyogeuka.

Jina lake silitaji, wala la mtu mwingine wa mtaani kwetu. Mama yu hai, anaishi palepale Njoro, na haya ninayoyaandika nimemsomea kwanza. Palipomzidi nimefuta. Yaliyobaki ni yale aliyoniambia, "Acha, labda kuna mwenzangu atasoma."

Sisi ni Wapare wa Usangi, Waislamu tangu mababu. Baba alishuka mjini kutafuta kibarua, akafariki 2006, mdogo wangu akiwa na miaka 12. Mimi nilikuwa tayari najifunza ushonaji, na leo nina kibanda changu cha cherehani karibu na soko la Mbuyuni. Mama alikuwa na karai la vitumbua. Mtoto aliacha madrasa akiwa bado kwenye juzuu amma, sehemu fupi ya Qur'ani ambayo watoto huanza nayo, kwa sababu jioni ndiyo saa ya kubeba mizigo sokoni na tulihitaji hela ile. Baadaye akaingia gereji, akawa fundi mzuri wa breki. Naitaja hiyo madrasa makusudi. Nitairudia.

Watu hutuuliza, hamkuona dalili? Tuliona. Ila tulikuwa tumefundishwa kutazama zisizo zenyewe. Kila mtu anazungumzia ndevu na suruali iliyokatwa juu ya kifundo. Wanaume wengi wanaoswali na mjomba wangu huko Same wanavaa hivyo, na ni watu wanaolima tangawizi, wanaolipa ada za watoto, wanaopeana mikono na mchungaji njiani. Mdogo wangu hakuwahi kufuga ndevu. Dalili yake ya kwanza ilikuwa kwamba aliacha kwenda msikitini. Alisema imamu wetu ni mnafiki kwa kuwa alikubali kufuturu pamoja na viongozi wa serikali. Tukadhani ni uvivu wa kijana. Halafu akasema maulidi ya Mama ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Halafu usiku mmoja, tukiwa tunakula, akasema hata Baba hatujui alikufa kwenye dini ipi. Mama alimpiga kofi, mara ya kwanza tangu azaliwe, kisha yeye Mama ndiye aliyelia.

Akawa na simu mbili, moja analala nayo chini ya mto. Akauza boksi lake la spana. Na jirani yetu wa nyumba ya tatu, mzee mmoja Mkatoliki ambaye alimfundisha mdogo wangu kuendesha baiskeli, alipofariki, kijana hakwenda. Si kuchimba kaburi, si kubeba viti, hata pole hakusema. Hapa Moshi mtu asiyekwenda msibani kwa jirani ameshahama, hata kama bado analala nyumbani kwao. Hiyo ndiyo siku niliyopaswa kuamka. Nilimfokea tu.

Kuna jambo la kabla ya hapo ambalo kwa muda mrefu niliogopa kulisema. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Arusha, siku ambayo parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi ilikuwa inazinduliwa. Watu watatu walikufa na wengi waliumia. Arusha iko kilomita 80 kutoka kwetu; kuna watu wa mtaa wetu waliokuwa na ndugu ndani ya umati ule. Polisi walikuwa wanawatafuta waliomwaga damu, na ilikuwa haki yao kutafuta. Lakini wiki chache baadaye mdogo wangu na wenzake sita walizolewa kijiweni, wakawekwa ndani siku tano. Hakuna aliyewaambia kosa. Siku ya tano mlango ukafunguliwa, wakaambiwa nendeni. Alirudi sikio moja limevimba, hakutaka kulizungumzia. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba humo ndani alikutana na mtu mzima mmoja, mpole, aliyekuwa akiletewa chakula na kuwagawia vijana. Mtu huyo ndiye aliyempa namba ya simu.

Ujumbe uliingia kwangu siku ya 19 tangu aondoke. "Dada, msinitafute. Nimehama kwa ajili ya Allah. Mwambie Mama anipe radhi."

Nilimsomea Mama akiwa anachuja maji ya mchele. Hakuuliza kahamia wapi. Alisema, "Radhi yake ninayo mimi. Aje aichukue."

Kikao cha familia kilikaa usiku uleule. Mjomba alikuja kutoka Same na basi la mwisho. Alizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye hospitalini. Tukienda polisi, alisema, tunamuua. Tusipokwenda, tunajiua sisi. Tukawaza tumwambie nani mwingine. Imamu? Kijana alikuwa amemtukana hadharani, na imamu mwenyewe angeogopa kuitwa akaulizwe anafundisha nini. Mwenyekiti wa mtaa? Kabla ya adhuhuri sokoni kote wangejua. Mwalimu wake wa shule ya msingi alikuwa amehamishwa. Tulizunguka majina mpaka karibu na alfajiri na kila jina lilikuwa mlango uliofungwa. Basi tukanyamaza siku 11.

Siku hizo ndizo zinazoniamsha usiku. Baadaye tulibaini kwamba kwa muda ule wote alikuwa bado Kenya, upande wa pwani, katika nyumba walimowekwa wakisubiri kuvushwa. Alimpigia rafiki yake wa gereji mara mbili, akaulizia matokeo ya mpira. Alikuwa anafikika. Kama pangekuwepo na mtu mmoja, mmoja tu, ambaye familia ingeweza kumwambia "mtoto wetu anapotea, tusaidie tumrudishe" bila kuhisi tumemchimbia kaburi, tungemwambia siku ya kwanza. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi tangu mwaka 2002. Siipingi. Lakini inaanza kusema na mtu akishakuwa mshukiwa. Na mama aliyeshika simu jikoni, ambaye mwanawe bado hajafanya lolote, anakwenda kwa nani?

Siku ya 12 tulikwenda. Mama alihojiwa kwa siku mbili. Walichukua msahafu wa Baba na daftari la vikoba, vikarudi baada ya miezi mitatu, kurasa za vikoba zimepungua. Akina mama wa kikundi wakasema afadhali akae pembeni kwanza mpaka mambo yatulie.

Halafu mtaa. Mama alikuwa akimaliza kilo tatu za mchele kabla ya saa mbili asubuhi. Wanafunzi, mafundi, walimu, wote walipita kwake. Sasa ndoo ikawa inarudi ndani imejaa. Watu walipita upande wa pili wa barabara, ule wenye tope. Mtoto mmoja alitumwa na mama yake akaja na sarafu mkononi, akaitwa kabla hajafika. Waislamu wenzetu ndio walioogopa zaidi, na siwalaumu sana. Nani anataka kuonekana amesimama kwenye karai la mama wa gaidi? Hilo ndilo jina walilompa. Alikuwa na miaka 58, hajawahi kuvuka mpaka wowote, akawa mama wa gaidi.

Asubuhi ya tisa au ya kumi, mjane wa yule mzee wa nyumba ya tatu alikuja. Mama wa Kibosho, mwanakwaya. Yeye ndiye aliyekuwa na sababu kuliko wote ya kutotusalimia, maana ni msiba wa mumewe ambao mdogo wangu aliudharau. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka ubavuni mwa karai, akasema, "Dada, nipe kumi." Akavila pale pale, taratibu, kimoja kimoja, na kila aliyepita barabarani alimwita kwa jina: "Karibu, vya leo vimekolea iliki." Alikaa mpaka jua likawa kali. Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Wiki iliyofuata wateja watatu walivuka barabara.

Mama huyo hakuhutubia. Sijui hata kama alikuwa amefikiria kitu kikubwa. Lakini nimehudhuria vikao vingi tangu wakati ule, nimesikia wataalamu wenye vyeo, na nikipima yote, sijaona hatua iliyotusaidia kuliko kile kigoda. Familia iliyotengwa hainyooshi mkono kuomba msaada, na haitoi habari kwa mtu. Inajifunga ndani na siri yake. Anayemsaka mtoto wa pili wa nyumba hiyo anaukuta uwanja mweupe.

Aprili 2, 2015, al-Shabaab, kundi la wapiganaji la Somalia, waliingia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya alfajiri. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, vijana wa umri wa mdogo wangu. Redio ilipotangaza kwamba kati ya waliokamatwa yumo Mtanzania, Mama aliketi chini kwenye saruji, si kwenye mkeka, akakaa hapo mpaka jina lilipotajwa siku ya pili. Hakuwa wake. Hakushukuru. Alisema, "Basi kuna mama mwingine." Kijana yule alihukumiwa kifungo cha maisha Julai 2019. Nimewafikiria wazazi wa wale 148 mara nyingi, wenye mtoto aliyekwenda shule na kurudi ndani ya sanduku. Mtu yeyote anayezungumzia kuwapokea waliopotea na hawataji hao kwanza, simwamini.

Tulipata simu moja tu. Ilikuwa Ramadhani ya 2016, kama dakika 10 baada ya magharibi. Namba ilianza na 252, ya Somalia. Mama aliweka sauti ya nje.

"Mama, mmefuturu nini?"

"Mihogo ya nazi. Na uji."

"Samaki hakuna?"

"Samaki anunuliwe na nani?"

Akacheka. Kicheko kilekile, cha kupandia puani. Mama akamwambia, "Rudi nyumbani."

Kimya. Upepo tu kwenye simu.

"Nikirudi nitapokewa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe na nani mwingine?"

Mama akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno katika familia ile, mimi ndiye niliyesoma mpaka kidato cha nne, na sikuwa na la kujibu. Polisi? Imamu? Mtaa uliopita upande wa tope? Simu ikakatika. Nimeipiga namba ile mara nyingi tangu siku hiyo, haipatikani.

Tangu pale nikaanza kutafuta jibu kama mtu anayedaiwa. Mwanzoni mwa 2018 nilialikwa Arusha kwenye kikao cha wanawake wa dini zote, siku mbili. Sikuwa na daftari jingine, nikaandika kwenye daftari la vipimo. Mpaka leo ukilifungua utaona kiuno 34, mabega 16, na katikati yake nimeandika 71. Hiyo ni kutoka utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, uliotoka 2017. Walizungumza na watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi haya barani Afrika. Katika kila 100, watu 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni tendo la vyombo vya dola: ndugu au rafiki aliyeuawa, au aliyekamatwa. Mwezeshaji aliposoma hilo, nililiona lile sikio lililovimba. Ilibidi nitoke nje.

Nikarudi, nikaandika namba nyingine. Zaidi ya nusu ya watu hao, 57 kwa 100, walikiri kwamba maandiko ya dini hawayaelewi au hawayasomi kabisa. Na aliyepata angalau miaka sita ya masomo ya dini alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga, pungufu kwa hadi asilimia 32. Sasa mnaelewa kwa nini niliitaja madrasa. Siku zote mtu akisikia habari za itikadi kali anafikiria kupunguza dini, kufunga madrasa, kuwachunguza maustadhi. Kwetu mtoto alipotea kwa sababu ya dini kuwa ndogo. Alikuwa na juzuu moja kichwani na hasira nyingi, akakutana na mtu mwenye Kiarabu cha kutosha kumtisha. Angejua fikihi, elimu ya sheria za dini, kidogo tu angemuuliza yule mtu maswali matatu na angechoka naye.

Kwenye kikao tulielezwa pia kuhusu Aarhus, mji wa Denmark. Vijana wao wapatao 30 walikuwa wamekwenda Syria kufikia 2013. Polisi na manispaa wa mji huo waliamua jambo ambalo wengine walilikosoa: anayerudi anachunguzwa, na aliyetenda kosa la jinai anashtakiwa, lakini ambaye hakuna ushahidi dhidi yake anapewa mtu mzima wa kumwongoza, anarudishwa shule au kazini, na wazazi wanakutanishwa na wazazi wenzao. Walikwenda mpaka kwenye msikiti uliokuwa ukilaumiwa, wakaketi na viongozi wake. Mwaka uliofuata waliokwenda Syria kutoka Aarhus walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Bila shaka Denmark ina fedha ambazo Njoro haina. Lakini kuketi na wazazi hakuhitaji bajeti ya Denmark.

Na tusidhani haya ni mambo ya Wazungu. Wasomali wenyewe, ambao hakuna waliouawa na al-Shabaab kuliko wao, wana kituo cha Serendi pale Mogadishu kwa ajili ya wanaolitoroka kundi. Wanafundishwa ufundi, wanakutanishwa na familia, wanatoka. Kenya, siku chache tu baada ya Garissa, ilitangaza msamaha kwa vijana watakaojisalimisha, na mwanzoni ikawapa siku 10. Siku 10! Kijana aliye porini ng'ambo ya mpaka, simu amenyang'anywa, asikie tangazo, aliamini, atoroke na afike kituoni. Hata hivyo nasema ni afadhali mlango wa siku 10 kuliko ukuta. Uingereza iliamua tofauti kwa Shamima Begum, aliyeondoka London Februari 2015 akiwa na miaka 15 kwenda kwa Daesh, kundi lililojiita Dola ya Kiislamu, huko Syria. Mwaka 2019 ikamvua uraia, akabaki kambini. Sitetei alikokwenda. Lakini mtoto wa miaka 15 alirubuniwa akiwa mwanafunzi London, halafu walioachiwa kumlinda na kumlisha ni Wakurdi waliokwisha kuzika maelfu wakipigana na Daesh. Kila nikisoma habari yake naona aibu ya mtu aliyesukuma takataka zake uani kwa jirani.

Kuna wanaoniambia, unawalea. Shangazi yangu mmoja alinisema mbele za watu harusini, kwamba nawaonea huruma wachinjaji. Nilimjibu na nalirudia hapa. Aliyeua ashtakiwe. Mdogo wangu naye, kama mikono yake ina damu, asimame kizimbani, na Mama ameshasema atakwenda kukaa kwenye benchi la mahakama siku zote za kesi, na hukumu atakayopewa ataipokea. Lakini mahakama inahitaji mtu aliyerudi. Na yule ambaye hajaondoka bado, ambaye ana tiketi tu na hasira, kumtendea kama muuaji ni kumpeleka kwa wauaji.

Mwisho wa mwaka huohuo wa 2018 mteja wangu mmoja alikuja na kitambaa cha sendofu ya binti yake. Nikachukua vipimo, hakuondoka. Alikaa mpaka wengine walipokwisha, akafungua fundo la khanga, akatoa simu ya mwanawe wa miaka 19. Ilikuwa na meseji za Kiswahili fasaha, Kiswahili chetu hiki. Kuna kazi ya samaki Msumbiji, nauli itatumwa kwa simu, ukifika Mtwara vunja laini, usimwambie shehe yeyote maana masheikh wote wamenunuliwa. Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kulikuwa kumeshaanza kuwaka tangu Oktoba 2017, wapiganaji walipovamia mji wa Mocímboa da Praia. Niliposoma hilo la kuvunja laini mikono ilianza kutetemeka.

Safari hii nilikuwa na majina. Sikumwambia mama amnyang'anye simu. Aliirudisha chini ya mto kabla kijana hajaamka. Nilimwendea mzee mmoja aliyewahi kumfundisha madrasa, mtu wa Machame, anasikia kwa shida. Alikwenda kwao jioni kama mtu aliyepita tu, akala, akauliza habari za kazi. Usiku wa kwanza hakugusia kitu. Wa pili kijana mwenyewe alianza kumwaga: ajira hakuna, leseni ya bodaboda imechukuliwa, Waislamu wanaonewa. Mzee akasema mengine ni kweli. Kijana akashtuka, maana alitarajia kukatazwa. Usiku wa tatu mzee akamsimulia hadithi ya yule mtu aliyekwenda kwa Mtume kutaka ruhusa ya jihadi, Mtume akamuuliza, wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Akaambiwa, basi rudi, jihadi yako ni kwao. "Hao wanaokutumia nauli," mzee akauliza, "wamekuuliza kuhusu mama yako?"

Nilimwambia pia askari mmoja wa polisi jamii niliyekutana naye kwenye kile kikao cha Arusha. Niliogopa, nakiri. Alikuwa amesema pale mbele za wanawake wote, "Mkiniambia mapema nina njia nyingi. Mkichelewa ninabaki na moja." Alikuja akiwa amevaa fulana, akaketi barazani, akaondoka na namba ya aliyekuwa akituma nauli. Askari yule hakumgusa kijana. Mwenye gereji mmoja alimpokea wiki iliyofuata kuosha injini.

Sisemi amepona. Bado ana ukali, maulidi haendi, na mimi ananisalimia kwa shingo upande kwa sababu anajua nilijua. Lakini mwaka jana alichimba kaburi la jirani.

Mtaani kwetu watu wamelainika kidogo, na sababu moja ni ya huzuni. Aprili 2023 zilipoanza kufukuliwa maiti za Shakahola, kule Kilifi, zaidi ya 400, wengi wao watu waliofunga mpaka kufa kwa kuahidiwa kumwona Yesu, mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka barabara asipite kwa Mama alikuja kibandani kwangu. Dada yake anaishi Malindi na alikuwa amewahi kuhudhuria mahubiri yale. Hakuomba msamaha na sikuutaka. Aliniuliza tu, "Mlipogundua, mlianza kwa nani?" Nikampa kiti.

Vitumbua Mama ameacha, magoti hayataki. Kitu ambacho hajaacha ni laini. Ni ya mwaka 2009, ndiyo namba pekee ambayo mdogo wangu anaijua kwa kichwa. Kila mwezi anaweka vocha ya 500 ili isifungwe. Mwaka 2019 ilipotangazwa kwamba laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zitazimwa, alipanga foleni ya namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, siku tatu, na Januari 2020, zikiwa zimebaki siku chache, tulikwenda kwa wakala mmoja mwenye mwavuli jirani na stendi. Yule mama wa Kibosho alitusindikiza.

Kidole gumba kilikataa. Mashine ikawaka nyekundu. Cha shahada kikakataa. Miaka 30 ya karai la moto imezisugua alama zote, ncha za vidole vyake zinang'aa kama kokoto za mtoni. Kijana akamwambia afute kwa khanga, akafuta, nyekundu. Jirani akaenda kwa muuza matunda akarudi na kipande cha limau, wakavisugua vidole wote wawili wameinama, kama wanaosafisha samaki. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika.

"Bibi," kijana akasema kwa upole, "hii laini ni ya zamani na haina hata salio. Nikupe mpya, ina dakika za bure."

"Mpya haijui mtu," Mama akasema.

Kilikuwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilichokubali. Taa ikawa kijani. Mama hakuondoa kidole mpaka alipoambiwa.

"Kwa hiyo mtu akipiga, hata kama ni kutoka mbali, itaita?"

"Itaita, Bibi."

Akaiweka simu kwenye pindo la khanga, akafunga fundo, akalivuta kuhakikisha limekaza.